Mnasumbuliwa na Nini? Mwanafunzi wa Uhandisi na Mwajiri wa Karagwe na Kyerwa

Kila mwaka, masika yanapokatika na vyuo vikuu vikikaribia kufunga, ofisi za umma na kampuni kubwa nchini hupokea barua ambazo ukifuta majina huwezi kujua ipi ni ya nani. Mwandishi ni mwanafunzi wa uhandisi. Anaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita fildi, kwa muda wa wiki nane. Ameambatisha barua ya utambulisho yenye mhuri wa chuo, ameshukuru kabla ya kusaidiwa, na ameahidi utii. Hakuna mstari hata mmoja unaosema anajua kufanya nini wala anataka kujifunza nini. Kijana aliyezaliwa Nkwenda au Nyaishozi, na sasa anasoma Dar es Salaam, Mbeya au Dodoma, hutawanya barua hizo kwenye mashirika makubwa, viwanda vya saruji na kampuni za simu, na nyumbani hatumi hata moja. Ukimwuliza sababu atakwambia wilaya za kwao, Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, hazina viwanda. Hoja yangu ni kwamba kijana huyo amekosea mara mbili: amekosea anwani, na amekosea swali. Kosa la anwani limezaliwa na kosa la swali, kwa hiyo nitaanza na hilo la pili. Yeye anauliza, "Mna nafasi?" Mwajiri akiulizwa hivyo huangalia viti vyake, anaona vimejaa, na jibu ni hapana. Angeulizwa, "Mnasumbuliwa na nini?" angevuta kiti na kuanza kueleza.

Mpango wa kumtoa mwanafunzi wa uhandisi darasani na kumpeleka kazini haukubuniwa ili mwajiri amfanyie mwanafunzi hisani. Mwaka 1906 Herman Schneider, mwalimu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, alianza na wanafunzi 27. Aliwapanga wawili wawili: wiki hii mmoja yuko kiwandani na mwenzake yuko darasani, wiki inayofuata wanabadilishana. Jiweke upande wa mwenye kiwanda uone akili ya mpango huo. Nafasi haikukaa wazi hata wiki moja, kazi haikukatika, na aliyekuwa akiingia asubuhi hakuwa mgeni wa kutembezwa. Alikuwa mtu wa kazi, na alilipwa ujira. Hapa kwetu, Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, mafunzo ya vitendo yaliingizwa ndani ya shahada yenyewe, wiki nane kila likizo ndefu, na kwa ngazi: mara ya kwanza mwanafunzi afanye kazi za fundi mchundo, mara ya pili za fundi sanifu, mara ya tatu aanze kutazama mambo kwa jicho la mhandisi. Mwaka uliofuata, 1974, likaja Azimio la Musoma, lililomtaka kijana wa kidato cha sita afanye kazi kwanza na apate pendekezo la mwajiri kabla ya kuingia chuo kikuu. Masharti yale yalilegezwa baadaye, na sina hamu ya kuyaona yakirudi. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba nchi hii iliwahi kumchukulia mwajiri kama mlezi mwenza wa msomi, mwenye haki ya kuulizwa huyu mtoto anafaaje.

Leo mlezi huyo amegeuzwa kuwa mpiga mhuri. Vyuo vinavyofundisha uhandisi vimeongezeka na wanafunzi wameongezeka mara nyingi zaidi, lakini wengi bado hutoka katika miezi ile ile na kubisha hodi katika milango ile ile. Ofisi inayoweza kumfundisha mwanafunzi mmoja kwa makini inapokea kadhaa, na kadhaa hao huishia kukaa kwenye benchi, kuchukua picha za mitambo kwa simu, kujaza kitabu cha kumbukumbu za kila siku kwa maneno yaliyonakiliwa kwa wenzao wa mwaka jana, na kusubiri wiki ya nane. Wakulima wa Kagera wanaijua butura: kahawa bado iko changa mtini, mwenye shida anaiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu hela inatakiwa leo. Mwanafunzi anayefunga safari kufuata mhuri tu anauza butura. Ameshapata alama zake, na mavuno ya zile wiki nane amemwachia mtu mwingine, au hayakuwepo kabisa.

Sasa tuje kwenye anwani. Ni kweli Karagwe na Kyerwa hakuna kiwanda cha saruji. Ila kuna kahawa, kuna bati, kuna maji yanayopaswa kupandishwa milimani, na kila kimoja kati ya hivi kina kazi ya uhandisi ya kujaza wiki nane na kubaki. Chukua kiwanda chochote cha kukoboa kahawa. Robusta ya huku huanikwa na maganda yake, hukaushwa hadi unyevu ufike karibu asilimia 12, kisha hukobolewa, na kwa makadirio ya kawaida kilo mbili za maganda hutoa kilo moja ya kahawa safi. Hapo pana mashine inayoendeshwa na mota kubwa za umeme wa njia tatu. TANESCO huwatoza wateja wakubwa kwa uniti walizotumia na pia kwa kilele cha mahitaji yao katika mwezi, kinachopimwa kwa kVA. Mota inayozunguka bila mzigo wa kutosha, au kiwanda kisicho na kapasita za kurekebisha hali hiyo, hulipia umeme ambao haujakoboa hata punje. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme anao ujuzi wa kulipima jambo hilo. Anahitaji bili za miezi 12 iliyopita, kifaa cha kupimia mkondo, ruhusa ya kukaa karibu na mtambo siku za kazi, na daftari. Mwenzake wa uhandisi mitambo anaweza kupima punje zinazovunjika kahawa inapoingia ikiwa na unyevu mwingi na zile zinazovunjika ikiwa kavu, akamwonyesha meneja kwa shilingi hasara ya kupokea kahawa iliyoanikwa chini kwenye udongo. Mwingine wa nishati atazame mlima wa maganda nyuma ya jengo ajiulize joto lililomo humo lingekausha kahawa ya nani. Na kwa bahati nzuri kalenda inakubali: mavuno ya robusta ya Kagera huanza karibu na Mei na kuendelea hadi karibu na Oktoba, kwa hiyo mwanafunzi anayefika Julai anaikuta mitambo ikinguruma.

Kyerwa nako kuna bati, linalochimbwa tangu enzi za Waingereza na ambalo leo liko zaidi mikononi mwa wachimbaji wadogo. Madini yenyewe, kasiteriti, yana uzito wa karibu mara saba ya maji, wakati mchanga wa kwatzi unaotoka nayo una uzito wa mara mbili na nusu hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mchimbaji kuyatenga kwa maji na karai: jepesi linakwenda na maji, zito linabaki. Lakini chembe ndogo sana za bati nazo huondoka na maji, na hakuna anayejua kiasi gani mpaka mtu apime kilichoingia, kilichobaki na kilichotupwa. Kazi hiyo haidai maabara ya mamilioni. Inadai mizani nzuri, sampuli zilizochukuliwa kwa utaratibu, na mtu aliyefundishwa kwa nini sampuli moja haitoshi. Mwanafunzi wa uchenjuaji madini anayemwambia mchimbaji, "Katika kila ndoo kumi unazoosha, bati la ndoo kadhaa linaishia kwenye tope lako," amempa habari ambayo hakuna mnunuzi atakayempa. Halafu yapo maji. Nchi ya huku ni ya vilima virefu na mabonde, na bomba halina siasa: kila mita kumi za mteremko huongeza mgandamizo wa karibu bar moja. Bomba lililotengenezwa kuhimili bar kumi likishushwa mita 150 bila tangi la kupunguza mgandamizo njiani litapasuka, na kamati ya maji ya kijiji italaumu ubora wa bomba. RUWASA, wakala wa maji vijijini iliyoundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, ina skimu nyingi za namna hii, na mradi wa Rwakajunju wa kuihudumia miji ya Kayanga na Omurushaka, uliomo katika mpango wa Miji 28 kwa mkopo kutoka India, ni darasa jingine la wazi. Barabara sina haja ya kuzieleza. Anayepita Omurushaka kwenda Murongo msimu wa mvua anajua wanafunzi wa ujenzi wangefanya nini huko.

Asiyeamini kwamba huku kuna elimu ya uhandisi ya kuchukuliwa atazame waliokwisha kuja kuichukua. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliwajengea upya watafiti tanuri la kuyeyushia chuma kama walivyolikumbuka. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakayachapisha matokeo katika jarida la Science, nao ulimwengu wa wataalamu wa metali ukasoma jinsi wahunzi wa Kagera walivyopasha hewa joto kabla haijafika kwenye moto. Hapa Karagwe kwenyewe, kwenye nchi ya wahunzi wa wafalme wa Bweranyange, taasisi ya Mavuno na mpango wa CHEMA walishirikiana na wahandisi na wanafunzi wa Kijerumani wa Ingenieure ohne Grenzen kutoka Berlin. Walibuni mtambo wa biogesi unaotumia migomba, kitu ambacho Karagwe haikosi, na wakabuni vyoo vinavyotenga mkojo pamoja na jiko la kuua vijidudu kwa joto, ili uchafu urudi shambani ukiwa mbolea salama, umechanganywa na mkaa. Ariane Krause alijengea utafiti wake wa shahada ya uzamivu katika Technische Universität Berlin juu ya kazi hiyo, akapima majiko, udongo na mazao ya wakulima wa Karagwe. Jiulize kwa nini kijana wa Berlin alione shamba la migomba la Karagwe kuwa maabara, na mtoto wa mwenye shamba hilo akimbilie ghorofa la Dar es Salaam akakae benchi. Mtu atasema Wajerumani wana fedha. Wanazo. Lakini fedha peke yake haikuchagua Karagwe. Huku kulikuwa na taasisi za wenyeji zilizojua kilichokuwa kikiwasumbua wakulima wao, zikaweza kukieleza kwa namna ambayo mwanafunzi wa uhandisi aliweza kukishika na kukipima.

Najua pingamizi la kwanza, na ni zito. Nani atamsimamia? Taaluma ya uhandisi hurithishwa na mhandisi, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi haimhesabii mtu uzoefu wa uhandisi kwa kusimamiwa na mwenye duka. Kama kiwandani hakuna mhandisi, mwanafunzi atajifunza njia za mkato za fundi na kuziona ndiyo kanuni. Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, mpangilio wa zamani wa ngazi tatu unatukumbusha kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hahitaji mhandisi bado. Anahitaji fundi hodari, na mafundi hodari wapo, kwenye karakana za Kayanga na kwenye chuo cha VETA kilichopo Karagwe. Pili, msimamizi wa kazi na msimamizi wa taaluma si lazima wawe mtu mmoja wala wakae jengo moja. Halmashauri zote mbili, ya Karagwe na ya Kyerwa, zina wahandisi. TARURA wa barabara, RUWASA na TANESCO wanao. Mhandisi wa umeme anayepita kiwandani mara moja kwa wiki mbili, akasoma vipimo vya mwanafunzi na kumwuliza kwa nini ameamini namba hii na kuitilia shaka ile, amemfundisha zaidi ya mhandisi wa makao makuu aliyegawiwa wanafunzi 15 asiokumbuka majina yao. Ila nakubali mpaka wa hoja yangu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa mawasiliano ya simu, au wa mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme, hatapata kwa mkoboaji kahawa kile anachokihitaji. Huyo na aende kwenye mitambo.

Na mitambo mingine iko karibu kuliko anavyodhani. Pale Murongo, Mto Kagera unapotutenga na Uganda, upo mradi wa Kikagati na Murongo wenye uwezo wa megawati 14, ambao umeme wake nchi mbili zimekubaliana kuugawana nusu kwa nusu. Kule Ngara upo Rusumo wa megawati 80 unaogawanywa kwa nchi tatu, na juu ya mto huo huo Kagera umepangwa mradi wa Kakono wa megawati 87.8. Tatizo la Kikagati ni kwamba kituo kiko ng'ambo. Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kutambua wahandisi wa nchi wenzao mwaka 2012, lakini yale yanamhusu mhandisi aliyesajiliwa, mwanafunzi hayamgusi. Kwa hiyo kijana wa Kyerwa anayeuona mtambo kwa macho kutoka upande wake wa mto anahitaji chuo chake kiandikiane na wenye mtambo mapema, jambo ambalo barua yake binafsi haitaliweza. Hapo ndipo ofisi za mafunzo kwa vitendo za vyuo zinapaswa kufanya kazi yake, badala ya kugawa barua za utambulisho kama tiketi za basi.

Pingamizi la pili ni la fedha na umbali. Mwalimu wa chuo anatakiwa kumtembelea mwanafunzi, na kutoka Dar es Salaam hadi Kayanga ni zaidi ya kilomita elfu moja. Chuo hakitamlipia nauli na posho kwa ajili ya wanafunzi wawili. Ni kweli, na dawa yake ni kwamba wasiwe wawili. Wakija 20 katika wilaya hizi mbili, kila mmoja na kazi yake, ziara moja ya siku nne inawatosha wote. Aidha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikijenga tawi lake Itahwa, Bukoba, kwa fedha za mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza mwaka 2021, na mradi huo huo umevitaka vyuo viwe na kamati za ushauri zenye watu wa viwanda. Sioni kwa nini kamati kama hizo zijazwe na wakurugenzi wa Dar es Salaam peke yao, asiwemo hata meneja mmoja wa KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe. Kwa mwanafunzi mwenyewe hesabu ni nyepesi zaidi. Anayepata mkopo wa Bodi ya Mikopo amekuwa akipewa kwa ajili ya mafunzo haya hadi shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Jumla ni 560,000. Dar es Salaam hela hiyo inaliwa na chumba na daladala kabla ya mwezi wa pili kuisha. Anayelala kwa shangazi yake Omurushaka anaweza kununua kifaa cha kupimia umeme, buti za usalama na kofia ngumu, na bado akabaki na nauli ya bodaboda ya kufika kazini.

Nimesema ya mwanafunzi. Sasa nimsikilize mwajiri, maana mara nyingi katika mazungumzo haya yeye hutajwa kama mlango tu. Mwajiri wa Karagwe ana sababu zake za kusita. Mashine yake ni moja, na ikiharibika katikati ya msimu hana ya akiba. Anaogopa ajali, na ana haki ya kuogopa: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haimsamehe kwa sababu aliyeumia alikuwa mwanafunzi. Anaogopa siri zake za bei na uzito kufika kwa mshindani. Na kama ana wafanyakazi kumi au zaidi, analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo ilikuwa asilimia 6 ya mishahara na ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023, kwa hiyo anaona ameshachangia elimu ya nchi. Mwajiri huyu hashawishiwi kwa hotuba ya uzalendo. Anashawishiwa na barua inayomwondolea hofu moja moja. Hebu sikiliza barua ya namna nyingine: "Ndugu Meneja, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme. Naomba wiki nane, kuanzia wiki ya pili ya Julai, nipime matumizi ya umeme ya mota zenu. Sitafungua mtambo wowote bila fundi wenu kuwepo. Nina buti na kofia zangu, na chuo kimeeleza katika barua iliyoambatishwa nani atagharamia matibabu nikiumia. Nitaomba kuonyeshwa bili za mwaka mmoja, na sitazitoa nje ya ofisi bila idhini yako ya maandishi. Mwishoni nitawaachia taarifa ya kurasa tano kwa Kiswahili." Anayesoma barua hiyo anaweza bado kukataa, lakini amejua anakataa nini.

Ile taarifa ya Kiswahili sikuiweka kwa mapambo. Chuo kitadai ripoti ya Kiingereza, iandikwe. Ila wenye kiwanda cha ushirika ni wakulima, na mkutano mkuu wa chama cha msingi hauendeshwi kwa Kiingereza. Kazi iliyolipiwa kwa muda wa fundi wao na bili za umeme wao ikiishia kwenye rafu ya maktaba Dar es Salaam, wana haki ya kumfungia mlango atakayekuja mwakani. Vivyo hivyo kwa fundi. Fundi aliyeilea mashine miaka 20 bila cheti chochote ndiye mwalimu wa kwanza wa mwanafunzi, na yuko radhi kufundisha kuliko watu wanavyodhani, isipokuwa akidharauliwa. Shikamoo ya asubuhi ina uzito wake. Lenye uzito zaidi ni mwanafunzi kutomsahihisha mbele ya meneja, na kumwonyesha vipimo yeye kwanza kabla havijapanda ofisini. Mara nyingi fundi atakuwa na maelezo ambayo kitabu hakina: namba ya ajabu ya Jumanne ilitokana na umeme kupungua nguvu, au mzigo wa kahawa ulioletwa siku hiyo ulinyeshewa njiani. Mhandisi asiyejua kumwuliza fundi atabaki kuandika namba asizozielewa.

Lipo pia pingamizi linalotoka upande wa pili, la wale wanaosema mpango huu ni kumfanya mwanafunzi kibarua wa bure. Wanalo jambo. Kazi yenye mstari ulioandikwa, yenye mwanzo na mwisho, ndiyo kinga kubwa dhidi ya unyonyaji, kwa sababu mwanafunzi aliyekuja kupima mota ana hoja ya kukataa akiambiwa apakie magunia kila siku. Aliyekuja kuomba nafasi tu hana hoja, atapakia. Kupakia magunia siku moja kuna faida, ataona jinsi mtiririko wa kazi unavyokwama mlangoni. Kupakia wiki nane ni wizi, na chuo kinapaswa kumhamisha. Mwajiri anayepata faida inayoonekana naye asione haya kutoa chakula cha mchana na nauli. Wanafunzi wa Schneider walilipwa, na viwanda vya Cincinnati havikufilisika kwa hilo.

Linalobaki ni la ajira. Mzazi atauliza, na anayo haki: mwanangu akienda kwa mkoboaji kahawa, nani atamwajiri akimaliza? Kampuni kubwa huwachukua waliowazoea. Baadhi, ndiyo, lakini wanaopitia mlango huo ni wachache kuliko wanaousubiri. Mhitimu wa uhandisi ana safari nyingine mbele yake kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu: kwa kawaida miaka mitatu ya mafunzo ya kazi, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliunda mpango maalumu wa kuwasimamia wahitimu kwa ajili hiyo mwaka 2003. Katika usaili wa kuingia mahali popote, swali la maana ni moja: ulifanya nini? Mwenye mhuri wa shirika kubwa na kumbukumbu za benchi atataja idara alizozungushwa. Aliyepima atasema alikuta nini, aliamini namba ipi na kwa nini, na mwenye kiwanda alifanya nini baada ya kusoma. Ningekuwa mwajiri, najua ningemchukua yupi.

Kwa hiyo naomba jambo moja lianze mwaka huu, nalo halihitaji bajeti. Ofisi za wahandisi wa halmashauri, Kayanga kwa Karagwe na Rubwera kwa Kyerwa, kila moja iwe na daftari. KDCU na vyama vya msingi, wachimbaji wa bati, vyombo vya watumia maji, wenye karakana na mashine za kusaga waandike humo kinachowasumbua, kwa maneno yao, na mhandisi aandike pembeni: hili linamfaa mwanafunzi wa mwaka gani, wa fani gani, na nani atamsimamia. Daftari lipigwe picha na kutumwa kwenye vyuo kabla ya Januari kuisha, kwa sababu barua ya Julai inayofika Juni inamkuta meneja kichwa kikiwa kwenye mnada wa kahawa. Na vijana wetu mlioko vyuoni, msisubiri daftari hilo. Simu ya mjomba aliye kwenye bodi ya chama cha msingi mnayo. Mpigieni, mumwulize mashine yao ilisimama mara ngapi msimu uliopita, na ilisimama kwa sababu gani.